Taulo la Mama

Konde la kwanza lilimpata mdogo wangu nyuma ya sikio, na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nikasikia utamu mdomoni kama niliyetiwa sukari.

Nilijaribu kuumeza upite. Haukupita.

Kama wiki iliyopita ulikuwa na shughuli zako, nikushike mkono twende sawa. Nilikuwa seremala mwenye kazi na mchumba, na vyote viwili vilitoka nyumba moja, maana mchumba alikuwa mdogo wake bosi. Siku moja mdogo wangu akaja karakana kunisalimia. Ni bondia, na mtaa mzima unamwita Pasi kwa jinsi anavyonyoosha watu. Bosi akamwambia asikalie meza iliyopakwa vanishi. Pasi akamjibu kwa kiwiko. Bosi alipoteza jino la mbele, mimi nikapoteza kazi mchana na mchumba jioni.

Unadhani Pasi aliniomba radhi? Alinipiga begani akasema, "Wanawake wamejaa, kaka." Kisha akahamia kwenye kitanda nilichokuwa nimekichonga kwa ajili ya ndoa yangu, eti ndicho pekee kinachotosha miguu yake. Yeye analala juu anakoroma. Mimi nalala sakafuni pembeni yake, natazama chaga nilizozipiga randa kwa mkono wangu.

Hapo ndipo tulipoachana: Jumapili mchana, ukumbi umefurika, Pasi yuko ulingoni, nami niko kwenye kona yake nimeshika taulo.

Hilo taulo nilieleze, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kwenye kambi yetu kocha hashiki taulo. Anashika ndugu wa bondia. "Mimi nataka mkanda," kocha husema. "Mtu anayetaka mkanda mtampaje taulo? Mpeni anayetaka mtu arudi nyumbani mzima."

Mama yetu ni fundi cherehani. Alikubali Pasi apigane kwa sharti hilo tu, kwamba taulo nishike mimi. Alikata kipande cha taulo la bluu, akalipinda ukingo, na ndani ya pindo akashona kokoto ndogo ili likirushwa lisipepee likanasa kwenye kamba. Akalijaribu mwenyewe uani, akilirusha kutoka mlangoni hadi linatua ndani ya beseni.

"Likiwa kwako, mwanangu, mimi napumua," akaniambia.

Ukumbini haingii. Hukaa nje kwenye ngazi, amejifunika mtandio masikioni, anasubiri kelele ziishe.

Sasa turudi ulingoni. Mpinzani tulimwita Bucha, na bucha anayo kweli. Mikono yake imezoea kupasua mifupa kwa shoka toka asubuhi hadi jioni, na siku ile ilionekana hajabadilisha kazi.

Raundi ya kwanza ilipoisha Pasi alirudi kwenye kona anacheka, meno mekundu.

"Ana mkono mzito yule," akasema.

"Na wewe je?" kocha akauliza.

"Mimi nina sura nzuri kuliko yeye."

"Ulikuwa nayo," nikasema.

Kocha akacheka, Pasi akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilichelewa kunyamaza.

Raundi ya pili Bucha alihamia mbavuni. Nilisikia mlio kama wa gunia linaposhushwa kutoka kwenye lori. Pasi akakunjika. Alipokunjika, konde la kulia likamwinua kidevu, damu na mate vikawarukia waliokaa mstari wa mbele, wakapiga kelele za furaha huku wanajifuta.

"Hiyo ya kazi yangu," nikasema moyoni.

Likaja lingine, likampasua mdomo.

"Hiyo ya mchumba."

Nilishtuka. Niligeuka kutazama kama kuna aliyenisikia, kana kwamba moyo nao una spika. Hakuna aliyekuwa na habari na mimi. Kocha alikuwa anagumia tu pale chini kila Pasi anapopigwa, anashika mbavu zake mwenyewe. Na mimi niliyezaliwa naye nilikuwa nasubiri lingine.

Niseme ukweli au nipambe? Ilikuwa raha. Raha ya mtu aliyekaa na mwiba mguuni miezi mizima, halafu anasikia unatoka.

Raundi ya tatu nyusi ya kushoto ilichanika. Bucha akaiona, akawa anaipiga hiyo hiyo, taratibu, kama mtu anayepigilia msumari na hataki kuharibu ubao. Kazi safi, nakiri kama fundi. Kila akiipiga, Pasi alikuwa anatikisa kichwa kufukuza damu jichoni.

Kengele ilipolia alikaa kwenye kigoda akapaza sauti ili mashabiki wake wasikie.

"Ukitupa hilo taulo nakuua! Umenisikia, kaka? Nakuua!"

Mashabiki wakashangilia mpaka mabati yakatetemeka. Nikainama kumpaka vaselini kwenye ule mpasuko. Mdomo wake ukawa karibu na sikio langu, na sauti iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa.

"Nikipiga paja, kaka."

"Najua."

Najua kwa sababu alama hiyo ni yetu. Tulipokuwa watoto tulipigana mieleka chumbani, na aliyezidiwa alijipiga paja mara mbili. Mwenzake anamwachia papo hapo, hata kama alikuwa amemkalia shingoni. Tulidanganyana kwa mengi, tukaibiana hata mikate, lakini paja lilikuwa paja. Kocha hajui. Mama hajui.

Raundi ya nne Bucha alimsukuma hadi kwenye kamba, upande wa kona yetu. Ningeweza kunyoosha mkono nikamshika kisigino. Akamkamata shingo kwa mkono wa kushoto, refa akiwa nyuma haoni vizuri, na kwa wa kulia akaanza kumtwanga. Sikio. Jicho. Sikio. Jicho. Mpira wa meno ukatoka ukaangukia miguuni mwangu ukiwa umejaa damu.

Kichwa cha Pasi kilikuwa kimelala juu ya bega la Bucha, uso umenielekea mimi. Jicho moja limefumba. La pili lilikuwa wazi, linanitazama.

Glovu yake ya kushoto ikashuka. Ikagonga paja. Ikagonga tena.

Niliona. Msomaji wangu, usinitafutie sababu. Damu haikunifunika macho, hakuna mtu aliyesimama mbele yangu. Niliona kama ninavyoiona karatasi hii.

Taulo lilikuwa mkononi. Kokoto za mama nilikuwa nazihisi kwenye vidole, moja moja.

"Moja tu," nikajiambia. "Moja ya kitanda, halafu natupa."

Ile moja ikaja. Ilimpata kwenye paji la uso, kichwa kikaruka nyuma kikagonga nguzo ya kona. Nikasikia utamu wote niliowahi kunyimwa ukinijia kwa mkupuo. Halafu nikataka nyingine. Nikaipata. Nikataka nyingine tena, na Bucha hakuwa mchoyo.

Kengele ndiyo iliyomwokoa, si mimi. Ilipolia niligundua mashavu yananiuma, nikayasugua bila kuelewa yameumiaje.

Kocha alinishika bega. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Fundi," akasema, "una roho ngumu. Ndugu wengine wangeshatupa. Umemwamini mdogo wako."

Mtu wa nyuma yetu akadakia, "Huyo ndiye kaka! Mpeni maji na yeye!"

Wakanipa maji kweli. Nikanywa. Ndipo haya ilipoanza kunipanda kutoka miguuni, maana hakuna kitu kinachochoma kama kupongezwa kwa uchafu wako. Nilitaka kuwaambia wakome. Nikasema asante.

Nikampelekea Pasi chupa ya maji. Alinyoosha glovu kuipokea ikapita pembeni, ikashika hewa. Nikamwekea mdomoni.

"Kaka," akasema polepole, "Bucha yuko upande gani?"

"Mbele yako. Wewe upo wapi?"

Kocha akacheka kwa nguvu. "Anatania! Bondia akitania bado yumo mchezoni. Nyanyuka, twende!"

Raundi ya tano Pasi hakurusha ngumi. Alimkumbatia Bucha tangu kengele hadi kengele. Refa akiwaachanisha, alinyoosha mikono mbele, anapapasa, mpaka anamkuta tena anamng'ang'ania. Bucha alikuwa anampiga figo kwa nafasi yake. Mimi utamu ulikuwa umeisha, mdomo umebaki mchungu, na zile ngumi sasa nilikuwa nazisikia mgongoni mwangu.

"Kocha, natupa," nikasema.

"Nini? Alipochapwa ulikaza, sasa anakumbatiana na mwenzake kama maharusi ndiyo utupe? Acha kunichanganya, fundi!"

"Hayuko sawa."

"Anampoteza nguvu yule. Tulifundishana hivyo."

Taulo ni langu, si lake. Ningeweza kutupa bila ruhusa. Lakini niliogopa. Niliogopa nikitupa sasa mtu ataniuliza kwa nini sikutupa wakati ule, na jibu nilikuwa nalo.

Raundi ya sita Bucha aligundua kitu. Alirudi nyuma hatua mbili tatu, akasimama kimya, mikono chini. Hakumgusa.

Pasi akamtafuta. Akarusha ngumi kushoto, hakuna mtu. Akarusha kulia, hakuna mtu. Akageuka, akajipanga vizuri kabisa, kidevu chini, miguu sawasawa, akaanza kuipiga nguzo ya kona. Aliipiga kwa nguvu zote, ngumi baada ya ngumi, huku anaguna.

Ukumbi mzima ukacheka.

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Bucha alifungua mikono kuwaonyesha, kama mwenye mnyama wa maonyesho. Refa mwenyewe alikuwa anajizuia. Na mimi niliyekuwa nimecheka mchana kutwa kimoyomoyo, kile kicheko cha watu kilinipita tumboni kama kisu. Yule ni mdogo wangu. Nilimfundisha kutembea kwa kumshika vidole. Mnamcheka nini?

"Mshenzi wewe!" nikapiga kelele. Sijui nilimwambia nani.

Nikarusha taulo.

Lilikwenda vizuri kama mama alivyolishona. Halikupepea wala kunasa. Lilipita juu ya kamba ya kwanza likiwa limenyooka. Na likiwa bado hewani, Bucha, anacheka, mikono chini, alimsogelea Pasi kwa nyuma akamgonga kichwani kwa vidole vya glovu, kumdhihaki.

Pasi aligeuka na ngumi kutoka chini ya goti.

Ilimkuta Bucha kidevuni, mdomo wazi. Nilisikia mataya yakigongana. Mtu mzima yule, mwenye shingo kama gogo, aliinuka visigino, akaenda chini moja kwa moja, akapiga sakafu kwa kisogo, mguu mmoja ukawa unatikisika peke yake.

Taulo lilikuwa limelala pembeni ya kichwa chake.

Refa alimtazama Bucha, akatazama taulo, akamtazama tena Bucha. Akaliokota taulo akaliinua juu watu walione.

"Taulo limetangulia," akatangaza. "Pasi ameshindwa."

Ya kwanza kunifikia ilikuwa chupa. Ya pili kiti. Niliangukia ndoo yetu ya maji, na kabla sijainuka watu walikuwa juu yangu.

"Msaliti!"

"Kashinda mdogo wake, roho imemuuma!"

"Wivu! Mwenye wivu huyo! Mpigeni!"

Walinipiga mateke mgongoni, mbavuni, mdomoni. Mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani yake na pochi yake, alivua kiatu, akaomba nafasi kwa adabu, akapewa, akanichapa nacho utosini mara nyingi tu. Jino langu la mbele likaenda. Nilimkumbuka bosi. Kocha niliyedhani anakuja kunitoa alinipiga kofi la uso, akanitemea mate, kisha ndiyo akanitoa.

Uone mambo yalivyo. Nilipokuwa mwovu walinipa maji. Nilipomhurumia ndugu yangu wakanivunja mbavu.

Kocha aliniburuta hadi chumba cha kubadilishia nguo akanisukumia ndani. Pasi alikuwa amekaa kwenye benchi, bado ana glovu moja. Mkono wa pili ulikuwa wazi, na mapajani alikuwa na lile taulo la bluu. Ilikuwa mchana wa jua kali, na dirisha kubwa lilikuwa linammulika usoni moja kwa moja.

"Huyo hapo kaka yako," kocha akasema. "Malizaneni. Naenda kumwita daktari, yuko kwa Bucha." Akabamiza mlango.

"Dogo," nikasema.

Aliifuata sauti. Alinishika kola kwa ile glovu, akazungusha taulo na kunichapa nalo. Pindo lenye kokoto lilinipata shavuni likanichana. Akanichapa shingoni. Akanichapa sikioni. Moja likanikosa likapiga ukuta, kipande cha rangi kikabanduka. Jingine likapiga benchi. Sikujikinga. Kwa mara ya kwanza siku ile kila kilichotua kilitua mahali pake.

"Nilikuomba!" alikuwa anapiga kelele, sauti imepasuka. "Nilikuomba ukaninyima! Nilipokuwa nimempata ndiyo ukatupa!"

"Dogo, nisikilize."

"Nilipiga paja!"

"Sikuona."

Ulimi wangu ulisema hivyo, naapa sikuutuma.

Aliacha kunichapa. Alibaki anahema, uso umevimba hadi hauna umbo, damu ya nyusi inadondokea kifuani.

"Washa taa," akasema.

"Nini?"

"Washa taa, kaka. Nataka nikuone usoni unaposema hukuona."

Jua lilikuwa limemjaa machoni. Lile jicho lililokuwa wazi lilikuwa bado wazi, halipepesi, linatazama ukuta pembeni yangu. Nilipunga mkono mbele yake, taratibu. Nikapunga tena. Nikakaa chini kwenye saruji.

"Taa imewaka, eh?" akauliza.

Niligeuka nikalitazama lile dirisha.

"Basi ni tangu ile raundi," akasema, sasa kwa sauti ya chini, sauti ya mtoto aliyelala kitanda kimoja na mimi. "Kichwa kilipogonga nguzo ilizimika kila kitu. Sikukwambia, nilidhani itarudi. Unajua kitu cha mwisho nilichokiona vizuri ni nini?"

"Dogo, tafadhali."

"Meno yako. Ulikuwa unacheka, kaka."

Kumbe ndiyo sababu mashavu yaliniuma.

Mlango ulifunguliwa. Nilijua ni daktari. Alikuwa mama, mtandio umemwangukia mabegani, kiatu kimoja hana, inaonekana alipita katikati ya ile vurugu kwa kusukumana. Hakumwendea Pasi. Alinijia mimi pale sakafuni, akapiga magoti, akanishika uso wangu uliochanika kwa mikono yake miwili.

"Nimesikia huko nje wanakutukana," akasema. "Waache. Waache watukane, baba. Umenirudishia mtoto wangu. Nilijua, nilipokupa hilo taulo nilijua huwezi kumwangalia ndugu yako anaumia ukanyamaza."

Akanibusu paji la uso, mdomo wake ukatoka na damu yangu. Kisha akainuka, akalichukua taulo mkononi mwa Pasi, akaanza kumfuta nalo taratibu, nyusi, pua, kidevu. Akafika machoni. Akafuta, akasimama. Akafuta tena.

"Baba," akamwambia, "nitazame."

Pasi hakugeuza uso.

"Mbona hunitazami? Nipo huku. Mbona mwanangu hanitazami?"

"Muulize kaka, mama," Pasi akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anaona."

Mama akanigeukia, taulo mkononi, na kokoto ndani ya pindo zikagongana kidogo. Akasubiri nimjibu.